Mkorosho hautoi maua ili yote yawe korosho

Kuanzia mwezi wa saba, pita chini ya mikorosho popote kati ya Newala na Nachingwea, kusini mwa Tanzania, utakanyaga maua makavu yaliyotapakaa kama pumba kando ya kinu. Mwenye shamba akiyaona, jibu huwa liko mdomoni: dawa ya mwaka huu feki. Inawezekana. Lakini sehemu kubwa ya maua yale hayakuwa na uwezo wa kuwa korosho tangu siku ya kwanza, na hata ungepulizia kila asubuhi yangeanguka vilevile. Kuna upukutikaji ambao ni hesabu ya mti wenyewe, na kuna upukutikaji ambao ni wizi, yaani kuvu au mdudu amekula kitu ambacho mti umekwisha kukilipia. Mkulima asiyejua kuvitenganisha hununua dawa ya ugonjwa usiokuwepo, na ule uliopo anauachia.

Mti una pato moja tu, nalo ni jani. Jani likipata jua, maji na hewa ukaa hutengeneza sukari, na sukari hiyo ndiyo inayolipia mizizi, mbao, majani mapya, utomvu wa kujilinda na, mwisho wa foleni, uzazi. Iliyokwenda kwenye tawi haiwezi kwenda tena kwenye ua. Hapo kila mmea umeamua vyake, na huku kusini maamuzi yanayopingana kabisa yamepandwa jirani.

Mkonge, kama ule wa Kikwetu nje ya mji wa Lindi, huweka akiba miaka saba hadi kumi na zaidi, ukitoa majani mia mbili na kitu. Kisha siku moja huchomoa mlingoti wa mita 5 au 6, hutumia kila kilichokuwa kwenye shina na majani, na ukimaliza unakufa. Mbegu zenyewe ni nadra. Kinachojaa mlingotini ni vitoto, vinavyochipua pale pale maua yalipodondokea, vikiwa tayari na majani. Ufuta nao ni wa msimu mmoja, ila haulipi kwa mkupuo. Huchanua kutoka chini kwenda juu, hivyo vidumba (vile vifuko vya mbegu) vya chini vinakauka wakati kileleni bado kuna maua. Anayesubiri kilele kikomae atakuta vya chini vimepasuka na mbegu ziko mchangani. Kata vidumba vya chini vikianza kugeuka njano, funga matita, yasimamishe juu ya turubai. Ile ncha changa utakayopoteza ilikuwa bado haijala kitu. Sheria hiyo ni ileile kwa aina zote za ufuta zilizotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, iwe Ziada 94, Lindi 02 au Mtwara 09.

Muhogo una uamuzi wa kuchekesha: kila unapoona shina limegawanyika panda, ujue pale ncha iligeuka kuwa maua, na machipukizi ya pembeni yakachukua nafasi. Mbaazi hudondosha maua yake mengi kabisa, na hakuna anayelalamika, labda kwa sababu hakuna anayeyahesabu.

Mkorosho ndio wenye kesi.

Mvua zinapokatika, mwezi wa tano hivi, ncha za matawi hutoa majani mapya, laini, yenye wekundu wa kahawia. Baada ya hapo, kwenye ncha zile zile, hutokea shada la maua. Neno la kushika hapo ni ncha. Mkorosho hauchanui kwenye shina wala kwenye tawi nene la ndani. Huchanua kwenye ncha changa iliyofikiwa na jua. Kwa hiyo uwezo wa mti kuzaa uko kwenye ngozi ya nje ya mwamvuli wake, unene na urefu wa shina si kipimo.

Chukua shada moja mkononi, saa nne asubuhi, maua yakiwa yamefunguka. Kuna mia kadhaa ya vichwa vya maua, vingine bado vimefumba. Ua lililofunguka leo ni jeupe lenye mistari ya waridi, lina petali tano zilizojikunja nyuma. La jana limekwisha kuwa jekundu. Sasa chana petali kwa ukucha utazame ndani. Utaona stameni, yaani uzi unaobeba chavua, moja ndefu iliyochomoza na nyingine fupi zimejificha chini. Kama katikati, mguuni kabisa, kuna kifundo cha kijani kama punje ndogo ya mtama, na juu yake kimesimama kijiti chembamba, hilo ni ua lenye jinsi mbili, na kifundo ndicho ovari. Kama hapana kifundo, ni ua dume tupu. Chana ishirini. Mara nyingi utapata manne au matano yenye ovari, wakati mwingine mawili.

Mbona madume yote hayo? Kwa sababu ua dume ni rahisi kulitengeneza: petali tano nyembamba, chavua kidogo, basi. Chavua ya mkorosho inanata, haipeperushwi na upepo, kwa hiyo mti unahitaji nyuki, nzi na wadudu wengine waje kila siku. Madume ndiyo bango la duka. Shada huanza kwa kufungua madume, yakifuatiwa na kipindi cha mchanganyiko ambapo yale yenye ovari yanatokea, na humalizia tena na madume. Ndiyo maana zulia la maua chini ya mti la wiki ya kwanza na la wiki ya mwisho halina habari mbaya yoyote ndani yake. Limeundwa na madume waliomaliza kazi.

Hata yale yenye ovari, ni sehemu ndogo inayofika mwisho. Shada zuri linabaki na korosho tatu, nne, tano. Mengine moja, mengine hakuna. Mti hufunga tunda kwanza ndipo uhesabu chakula, na ukiona hakitoshi unaachia vichanga vikiwa na ukubwa wa kunde au maharage, kabla havijawa ghali.

Watu wa pwani wanaijua ngazi hii ya gharama, ila waliitungia majina kwenye mnazi. Mnazi hufungua karara moja karibu kila mwezi, na tunda lake huchukua kama mwaka mzima kukomaa, hivyo pale Mikindani au Kilwa mti mmoja una upunga, vidaka, vitale, madafu, makoroma na nazi kwa wakati mmoja. Vidaka vikidondoka, mwenye mnazi hageuki kutazama. Dafu likidondoka, anakwenda kuuliza. Ana haki: kwenye dafu tayari kuna miezi ya sukari. Na ukitaka kuona mama alivyomwekea mtoto akiba, pasua nazi iliyoanza kuota ulitazame joya, lile donge laini kama sponji, lilivyojaza uwazi wote, likinyonya maji na nyama ya nazi ili mche uishi kabla mizizi haijashika.

Korosho nayo ina bei yake, na inaweza kukadiriwa. Kwa kutengeneza gramu 1 ya mafuta, mmea hutumia takriban gramu 3 za sukari. Gramu 1 ya protini hula kama 2.5, na gramu 1 ya wanga au nyuzi hula kama 1.2. Tuchukue korosho ghafi ya gramu 6. Kiini chake ni kama gramu 1.5, karibu nusu yake mafuta na chini kidogo ya moja ya tano protini: hapo zimekwenda gramu 3 na kitu za sukari. Ganda ni gramu 4.5, na karibu robo yake ni yale mafuta makali yanayounguza vidole vya wabanguaji. Ganda peke yake limekula kama gramu 7. Mti unatumia kwenye ukuta mara mbili ya unachotumia kwenye chumba.

Bibo, ambalo kwa kweli ni kikonyo kilichovimba, linaweza kuwa na gramu 60, mara kumi ya korosho yenyewe. Lakini zaidi ya asilimia 85 ni maji. Kilichobaki ni kama gramu 8, nyingi sukari tupu ambayo haikuhitaji kubadilishwa kuwa kitu kingine. Gharama: kama gramu 9. Kitu kizito mara kumi, bei inakaribiana. Ni ujira wa popo na wanyama watakaobeba mbegu, na mti wenye akili haumlipi mbebaji kwa mafuta. (Wanaokamua uraka, pombe ya mabibo, hawakuwemo kwenye mpango huo.)

Jumla ni karibu gramu 19 za sukari kwa korosho moja na bibo lake. Mti unaotoa kilo 10 za korosho ghafi umebeba korosho zipatazo 1,670. Hizo ni kilo 32 za sukari, zaidi ya nusu ya mfuko wa kilo 50, zilizotoka kwenye majani katika miezi michache isiyo na mvua. Ukishaiona namba hiyo, swali la kwanza shambani linageuka. Badala ya kuuliza maua ni mangapi, unauliza majani yenye jua ni mangapi, na nani anayaingilia.

Tuanze na jua. Nafasi inayopendekezwa ni mita 12 kwa 12, ambayo ni miti 69 kwa hekta au kama 28 kwa ekari. Mashamba mengi ya zamani yamebanana, matawi yameingiliana, pande zote nne zimekuwa giza na mti unachanua kilele tu. Hapo hakuna dawa. Shamba lililopandwa mita 8.5 kwa 8.5, ukiondoa mti mmoja kati ya kila miwili kwa mshazari, linabaki na mita 12 kamili. Wengi huona uchungu kukata nusu ya miti, na wengine hukata na kuacha visiki. Kisiki hicho kitatoa maotea mabichi mwaka mzima, na maotea ndiyo kitalu cha ubwiriunga, ile kuvu ya unga mweupe. Ng'oa, au kama unataka mti mpya pale, chagua machipukizi mawili au matatu uyabebeshe vikonyo, yaani vijiti vya kupandikiza, vya mti bora, mengine yote ondoa.

Kupogolea kuna msimu wake. Fanya baada ya mavuno, mvua zikiwa bado zipo: matawi yanayogusa chini, yaliyokufa, yanayosuguana ndani, na maotea yote ya shinani. Anayekuja na panga mwezi wa sita "kusafisha" anakata zile ncha ambazo wiki tatu baadaye zingetoa mashada. Mti utachipua tena, ila kwa sukari iliyokuwa ya maua, na mashada hayo yatachelewa.

Ubwiriunga sasa. Kuvu hii inapenda kitu kichanga tu: jani laini, ua, korosho ya siku chache. Jani lililokomaa haina shida nalo. Inashamiri wakati wa usiku wa baridi na umande, ambao kwa Mtwara na Lindi ni mwezi wa sita hadi wa nane, yaani wakati ule ule mti umetandaza vitu vichanga kuliko wakati wowote. Dalili ni unga mweupe wa kijivu, maua yanayokauka yakiwa bado yamefumba, na shada linaloishia kahawia. Kufumba ndiko kunakotofautisha. Ua lililofunguka, likawa jekundu, likaanguka, ni hesabu. Ua lililokauka kichwani limefumba, shada zima likiwa na unga, ni wizi.

Salfa ya unga hukinga, haiponyi. Kiwango kilichozoeleka ni robo kilo kwa mti mkubwa kwa kila mzunguko, mizunguko minne hadi mitano, kwa kuachana kama wiki mbili, kwa sababu kila wiki mbili mti umeshatoa maua mapya ambayo hayajaguswa na salfa yoyote. Pulizia alfajiri, umande ukiwa bado upo na upepo haujaamka, unga upate kushika. Anayepulizia saa nne anatia salfa shamba la jirani. Anayesubiri mpaka mashada yageuke meupe amechelewa, na kuongeza kiwango mara mbili hakurudishi kilichokufa. Tena salfa inayoanguka chini mwaka hadi mwaka huongeza uchachu wa udongo, na mchanga wetu hauna uwezo mkubwa wa kuhimili hilo. Viuatilifu vya maji vina vipimo vyake kwenye lebo, vifuate kama vilivyo. Funika pua na macho.

Wadudu wanaiba kwa njia nyingine. Mbu wa mikorosho hufyonza ncha laini, akiacha vidonda vyeusi vilivyobonyea, mara nyingine na utomvu. Ncha ikikauka, shada halitoki kabisa, kwa hiyo hasara yake huionekani chini ya mti. Unaiona juu, kwenye vijiti vyeusi vilivyosimama wima kama vimechomwa. Mwingine ni yule kunguni wa minazi anayeangusha vidaka. Huyo hufyonza pia korosho changa, nazo husinyaa au hubaki na madoa kwenye kiini. Adui wa wote wawili ni maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Kuwachoma moto kwa sababu wanauma ni kumfukuza mlinzi kwa kosa la kubweka. Na korosho huokotwa chini, hupandi mtini.

Kama ni lazima kutumia dawa ya wadudu, usipulizie kati ya saa tatu na saa saba mchana. Maua yenye ovari hufunguka muda huo, na nyuki wako kazini. Ua lenye ovari lisilopata chavua halina tofauti na dume, ila limegharimu zaidi.

Kujua shamba lako liko upande gani hakuhitaji mtaalamu. Chagua miti mitano isiyo pembezoni. Kila mti funga uzi wa rangi kwenye mashada manane, mawili kila upande, kimo cha mkono. Mara moja kwa wiki, siku ile ile, andika kwenye daftari: vichanga vya ukubwa wa kunde, vya ukubwa wa kidole gumba, kijani vikubwa, na vilivyokufa pamoja na alama zake. Vichanga vikipungua kutoka tisa hadi vinne ndani ya wiki mbili bila unga wala kidonda, acha, mti umepiga hesabu yake. Upande wa magharibi ukibaki na vinne na wa mashariki ukibaki na sifuri, tazama kivuli cha mti wa jirani kabla hujatazama dawa. Korosho kubwa za kijani zikianza kusinyaa, hapo piga kelele: mti umekwisha kulipia ganda lote na hautarudishiwa.

Hii ya kijani kubwa inawaponza watu hata bila mdudu. Korosho hukua kwanza, bibo baadaye. Ikifika wiki ya tano hivi tangu ua lichavushwe, korosho imefikia ukubwa wake wa mwisho, kijani, imenona, huku bibo likiwa bado dogo nyuma yake. Macho yanasema iko tayari. Lakini kilichokamilika ni ganda. Kiini bado kinajazwa mafuta na protini, na katika wiki zinazofuata korosho inapoteza maji, inapungua kidogo na kuwa ya kijivu, wakati bibo linavimba ghafla na kutia rangi. Anayetikisa matawi au kuchuma za kijani ili awahi mnada wa kwanza anapeleka ghalani maganda. Kwenye kipimo cha ubora, ambapo huhesabiwa ratili za viini vinavyopatikana katika gunia la kilo 80, zake ndizo zinazoshusha kundi zima la chama cha msingi cha ushirika.

Acha ianguke yenyewe. Okota kila siku au kila baada ya siku mbili, hasa mvua za mwezi wa kumi na moja zikikaribia. Nyonga bibo litoke safi, usiache kipande cha nyama, maana hapo ndipo ukungu huanzia. Anika juani siku mbili hadi tatu, ukigeuza, mpaka ukizitikisa kiganjani zilie kavu na ukucha usiache alama kwenye ganda. Kisha tia kwenye gunia la katani. La plastiki halifai, kwa sababu korosho bado iko hai na inapumua, na ikikosa pa kutolea mvuke hujichemsha humo ndani, ikila taratibu mafuta yale yale ambayo kila gramu yake iliugharimu mti gramu 3 za sukari.